Mama Mkwe Apanda Boti Makambako

“Jumatatu, tarehe 14 Juni, 1948. Asubuhi baridi kali. Umande umeganda juu ya nyasi. Upepo unatoka mashariki, una nguvu. Chombo hakikusogea.”

Efraimu aliyaandika hayo kwa wino, akapuliza karatasi ikauke, akavaa kofia yake ya kapteni na kupanda juu kuitazama dunia. Dunia ilikuwa palepale. Kulia ilikuwako barabara ya Njombe, kushoto shamba la viazi la mkewe, na mbele, pale njia panda ya Makambako, moshi wa hoteli ya chai ya Odilo. Maji ya karibu yalikuwa kijito ambacho mbuzi alikiruka bila kulowa kwato. Ziwa la Nyasa, ambako boti ile ilikuwa inapelekwa, lilikuwa mwendo wa siku nyingi ng’ambo ya milima, na Efraimu hakuwahi kuliona hata siku moja.

Ndani, mkewe Dorika alikaa kitandani akivuta blanketi juu ya tumbo. Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa tisa. Kitanda, kama boti yote, kilikuwa kimeinama upande mmoja, na kwa miaka miwili alikuwa amelala ameshika ukuta kwa mkono ili asimwangukie mumewe. Alisali sala yake ya asubuhi kwa kifupi, maana meno yalikuwa yanagongana, na aliamini kwamba Mungu husikia hata meno yakigongana. Aliomba jambo moja tu, lilelile la kila siku: mtoto huyu azaliwe kando ya moto.

Mtu mgeni atauliza watu hawa walifikaje hapo. Boti ililetwa kutoka pwani mwaka 1946 juu ya tela refu lililovutwa na lori. Ilikuwa ya chuma kitupu, imepakwa rangi nyeupe, na kazi yake ilikuwa kubeba wakubwa na barua ziwani. Hatua chache kupita njia panda, ekseli ya tela ikavunjika. Mafundi wakaishusha boti juu ya magogo, wakasema watarudi wiki ijayo. Wiki hiyo ilikuwa haijafika bado.

Ofisi iliyoiagiza boti hatutaitaja, kwa kuwa nayo haikupenda kuitaja boti. Ilimtafuta mlinzi mahali pa karibu, ikampata Efraimu, ambaye wakati huo alikuwa akifyeka majani ya uwanja mmoja mjini Njombe. Alijua kusoma, alikuwa Mlutheri asiyekunywa pombe, na alikuwa na mke mmoja na binti mdogo, Ema. Wakampa kofia, daftari, koti zito la jeshi, na barua yenye kanuni tano. Ya kwanza, msimamizi na jamaa yake watalala ndani ya chombo kila usiku. Ya pili, moto hautawashwa ndani ya chombo. Ya tatu, hali ya hewa na mahali chombo kilipo vitaandikwa kila siku. Ya nne, koti ni la msimamizi akiwa kazini, na abiria hawatalitumia. Ya tano, abiria hawataogelea bila ruhusa.

Efraimu aliisoma hii ya tano kwa sauti nzito, kisha akamtazama Dorika kwa ukali, kana kwamba alikuwa amemfuma tayari anatafuta maji.

Tangu siku hiyo hakuwa tena mfyekaji. Alikuwa Kapteni. Kanisani alisogea hadi benchi la mbele. Watu wa lori walipopita walipiga honi, naye aliwapungia mkono taratibu, kama mtu anayeachana na bandari. Utani wao haukumchosha, ingawa kila Mkristo aliyepita hapo alikuwa na utani mmoja uleule juu ya boti iliyo nchi kavu, na kila mmoja alidhani ameubuni yeye.

Tusiseme uongo mbele za Mungu: maisha ya botini yalikuwa na mema yake. Nyumba za nyasi za majirani zilivuja masika yote, boti haikuvuja hata tone. Funza hawakupanda ngazi, wala panya. Mahali pa injini, ambayo haikuletwa kamwe, Dorika alihifadhi viazi gunia nne bila kuoza hata kimoja. Kuku walitagia kwenye pua ya boti, mayai yakajiviringisha yenyewe mpaka mlangoni. Jioni walipoimba nyimbo za kanisani, chuma kiliitikia, na watu watatu wakasikika kama kwaya nzima. Na kwa kuwa chumba kilikuwa kimoja tu, hakuna aliyeweza kununa kwa siku mbili. Hapakuwa na pa kununia.

Lakini kupika ilikuwa nje, mvua au upepo, na upepo wa Makambako haubembelezi mtu. Kila sufuria ilishuka ngazi kumi na mbili na kupanda ngazi kumi na mbili. Na kuanzia Mei hadi Agosti chuma kilikuwa baridi kiasi kwamba ukikigusa alfajiri kwa mkono wenye maji, ngozi ilinata.

Mwezi wa Julai mwaka uliopita Dorika alijifungua mtoto wa kiume ndani ya boti hiyo. Mumewe alisimama mlangoni amevaa koti, akiomba kwa bidii. Moto haukuwashwa, kwa kuwa kanuni ilikuwa kanuni. Mtoto alibatizwa Nahumu, akaishi siku tisa.

Wakati huo Dorika hakujua kusoma. Baada ya mazishi alianza kwenda darasa la jioni la watu wazima, lililofundishwa kanisani na mwinjilisti Lukas. Alijikongoja na herufi kwa miezi sita, akiwa na kipande cha chaki na machozi kidogo, na siku alipoona kwamba maneno yanafunguka, alirudi nyumbani akitafuta kitu chochote cha kusoma. Ndani ya boti kitabu kilichokuwa wazi kilikuwa daftari la mumewe. Akafungua Julai. Akapitisha kidole mstari kwa mstari, akatamka kila silabi.

“Upepo wa mashariki. Chombo hakikusogea. Abiria mmoja ameshuka.”

Aliisoma mara tatu, akidhani ameisoma vibaya, maana alikuwa mwanafunzi mpya. Hakuwa ameisoma vibaya.

Wakati huo alikuwa tayari na mimba tena, akamwambia Efraimu kwa upole, akitumia maneno ya heshima, “Baba Ema, huyu tumzalie nyumbani kwa mtu, penye moto.”

“Mama Ema, wewe unadhani mimi sitaki? Kanuni haitaki.”

“Kanuni ina mimba?”

“Usinitukanie kazi.”

Basi mwezi wa Mei Dorika alipanda lori la mbao mpaka Njombe, akaenda mwenyewe kwenye ile ofisi. Karani alikuwa kijana mpole mwenye kalamu tatu mfukoni. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua faili.

“Mama, kwa karatasi hizi wewe unakaa ndani ya chombo cha majini. Maana yake uko safarini. Aliye safarini hashuki kabla ya kufika.”

“Nitafika lini?”

“Hilo ni swali la watu wa maji. Sisi hapa ni watu wa nchi kavu.”

“Lakini boti iko nchi kavu, mwanangu.”

Karani akamtazama kwa huruma. “Kwa muda tu, mama.” Kisha akajaza fomu ya maombi yake, na palipoandikwa jina la bandari, baada ya kufikiri sana, akaandika Makambako. Fomu ikaenda. Haijarudi mpaka leo.

Ndipo Dorika alipofanya kile anachofanya kila binti aliyeshindwa na wakubwa. Alimtumia mama yake salamu.

Jumatatu hiyo ya umande ulioganda, saa nne asubuhi, lori la mbao kutoka Matembwe lilisimama kando ya boti, na juu kabisa, juu ya mbao, alikuwa amekaa mwanamke mfupi, mpana, aliyejifunga shuka mbili, na kapu la unga wa ulezi mapajani. Ndiye Tabea, mama yake Dorika.

Efraimu alikuwa juu ya sitaha. Alipomwona, hakutumia ngazi. Aliruka upande wa pili, akaangukia shamba la viazi, akakimbilia nyuma ya kichuguu huku ameshika kofia.

Asiyetujua atasema mtu huyu alikuwa mwizi. Hapana, alikuwa na adabu. Kwa Wabena wa huko mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukimbiana. Hawakai chini ya paa moja, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Walutheri walikuwa wameacha mambo mengi ya wazee: pombe, ngoma, hirizi. Hili hawakuliacha. Mwinjilisti Lukas mwenyewe alihubiri siku moja kwamba wakwe ni watu tu, na wiki hiyohiyo alionekana amechuchumaa nyuma ya pipa la maji, kwa sababu mama mkwe wake alikuwa anapita.

“Kamwene, mwanangu,” Tabea alimsalimu binti yake.

“Kamwene, mama. Pole na safari.”

“Nimekwisha poa. Nyumba iko wapi?”

Dorika akaonyesha kwa kidole. Tabea aliitazama boti kuanzia mbele hadi nyuma, kama mtu anayepima ng’ombe mgonjwa. Akaigusa kwa kiganja. Akakirudisha kiganja upesi ndani ya shuka.

“Ndani humu ndimo alimofia mjukuu wangu?”

“Ndimo.”

“Na huyu aliye tumboni naye humu?”

“Baba Ema anasema kanuni, mama.”

“Sawa,” Tabea alisema. Akajifunga shuka vizuri, akaweka kapu kichwani, akapanda ngazi zote kumi na mbili bila kushika popote, akaingia ndani, akaketi katikati ya kitanda kilichoinama. Hakuinama nacho. Ema, aliyekuwa na miaka mitano, alisema baadaye kwamba Bibi alipokaa boti ilinyooka.

Hapo ndipo mambo ya Efraimu yalipofungwa pande zote mbili. Barua ilimwamuru alale ndani. Mkwe wake alikuwa ndani. Alizunguka boti mara tatu kwa umbali wa heshima, kisha akajificha nyuma ya kichuguu na kupaza sauti. Kusema na mkwe moja kwa moja haikuwezekana, kwa hiyo alisema na boti.

“Wewe boti! Mwulize mgeni wako atakaa siku ngapi!”

Sauti ya Tabea ikatoka ndani ya chuma, kubwa kama ya ngoma. “Wewe boti! Mwambie kapteni wako nimekuja kungoja mtoto. Mtoto hana kalenda!”

“Wewe boti! Mwambie kanuni inasema nilale humo!”

“Mwambie alale! Mlango uko wazi. Nani amemzuia?”

Odilo, yule wa hoteli ya chai, Mkatoliki mwenye kitambi na kicheko cha karibu, alikuwa amevuka barabara na wateja wake wote, kila mmoja na kikombe mkononi. “Wewe boti,” naye akasema, “mwulize kapteni kama atahitaji chai ya bandarini.”

Efraimu akavuta kofia mpaka machoni. Siku hiyo Dorika alimshushia chakula, akamwomba akalale kwa Odilo penye moto. Alikataa. Alikuwa ameifikiria kanuni ya kwanza sana, na aliona kwamba mtu aliyelala chini ya boti, kwa kuivuta maana kidogo, yuko botini. Akatandika gunia kati ya magogo mawili, na blanketi mbili za kujifunika.

“Basi nikuletee koti,” Dorika alisema.

“Liko wapi?”

“Mama amemfunika nalo Ema.”

Efraimu akafungua kinywa kutaja kanuni ya nne, akamwona mkewe anavyomtazama, akakifunga.

Jumanne asubuhi moshi ulitoka kwenye mlango wa juu wa boti. Tabea alikuwa amejaza mchanga kwenye karai, akawasha moto juu yake na kupika uji wa ulezi. Lori lililokuwa linakwenda Iringa lilipunguza mwendo. Dereva akatoa kichwa nje na kupiga kelele, “Kapteni! Meli inaondoka, wewe umebaki bandarini!” Akapiga honi mpaka akapotea kwenye kona.

“Wewe boti!” Efraimu alilia. “Rangi! Rangi ya ofisi!”

“Mwambie rangi itapakwa tena!” boti ikajibu. “Mwulize mtoto hupakwa tena?”

Watu waliokuwa barabarani wakaacha kucheka kidogo. Dorika, aliyekuwa ndani akinywa uji wa moto kwa mara ya kwanza kwenye kitanda chake, alisikia kimya hicho. Mkono wake ulikuwa juu ya tumbo, na mtoto alikuwa akicheza. Alimshukuru Mungu kwa uji, kisha akamwuliza kwa siri kama ni dhambi kufurahia aibu ya mume. Hakupata jibu mara moja, akaendelea kufurahia mpaka lije.

Adhuhuri ya siku hiyo waliitwa watu wa amani, maana yake mwinjilisti Lukas. Alikuja na baiskeli na miwani yake yenye kamba. Efraimu alimweleza yote nyuma ya kichuguu. Lukas akafikiri, akasema kwa sauti ya mimbari:

“Ndugu yangu, sisi ni watu wa nuru. Mambo ya kukimbiana na wakwe ni ya giza. Wewe panda kwa imani. Umwamkie mama yako kwa heshima, ulale kwenye kona yako, na kanuni yako itakuwa imetimia.”

“Kwa imani, mwalimu?”

“Kwa imani.”

“Wewe ungepanda?”

Lukas akafuta miwani. “Hapa hatuzungumzi habari zangu.”

Efraimu akainua macho mbinguni, akashika ngazi. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipofika ya tisa, sauti ya Tabea ikatoka ndani, tamu kama ya mama anayembembeleza mtoto:

“Wewe boti, mwambie kapteni apande tu, asiogope. Sisi sote ni watu wa nuru. Akiingia nitasimama nimkumbatie.”

Ngazi tisa si nyingi kwa mtu anayeshuka kwa hiari. Efraimu alizishuka zote kwa pigo moja, chali, juu ya viazi. Odilo alimwaga chai. Mwinjilisti Lukas aligeukia upande wa Njombe na mabega yake yakatikisika kwa muda mrefu, na alipogeuka tena alisema kwamba alikuwa akiomba.

Jumatano alfajiri Dorika alishuka na bakuli la uji. Kushuka ngazi kwa tumbo lile kulimchukua muda, mguu mmoja baada ya mwingine, akipumzika kila hatua. Nchi yote ilikuwa nyeupe. Alimkuta mumewe ameketi kati ya magogo, magoti yamefika kidevuni, umande umeganda juu ya blanketi zake na juu ya kofia. Hakuwa na koti sasa kwa usiku wa pili. Daftari lilikuwa mapajani, limefunguliwa, lakini vidole vilikataa kushika kalamu.

“Kunywa, Baba Ema.”

Alikunywa. Bakuli liligonga meno yake. Baadaye akasema, “Mama Ema. Baridi hii.”

“Naijua.”

“Mimi nilikuwa siijui hivi.”

“Ulikuwa ndani ya koti.”

Efraimu akazungusha bakuli mikononi. Jogoo wa Odilo akawika, akaacha, kama aliyeona haina haja. “Nahumu alikuwa na blanketi ngapi?”

“Moja. Na kanga yangu.”

“Mimi hapa ninazo mbili.”

“Na umelala juu ya nyasi. Yeye alilala juu ya chuma.”

Dorika hakuyasema kwa hasira. Hasira alikwisha imaliza mwezi ule alipojifunza kusoma. Aliyasema kama mtu anayesoma kilichoandikwa. Efraimu alilitazama koti lile kwa macho ya moyo, pale lilipokuwa juu botini, mwilini mwa binti yake, akaona jinsi lilivyokuwa pana. Lingeweza kufunika watoto watatu. Akaweka bakuli chini na kulia, na Dorika alisimama kando yake bila kumgusa, kwa sababu alitaka alie mpaka mwisho.

“Mwite mwalimu Lukas,” alisema alipomaliza. “Mwite na Odilo.”

Wote walikuja. Wateja nao walikuja, ingawa hawakuitwa, na hata lori moja la mahindi lilizima injini. Odilo ndiye aliyeanza kusema, na mara hii bila kicheko.

“Nyumba ya marehemu mama yangu iko nyuma ya hoteli. Ina ukuta wa udongo, ina mafiga matatu, na kuni zimo. Ni yenu mpaka mjenge yenu.”

“Ina picha ya mtakatifu ukutani,” Efraimu alisema, kwa mazoea tu.

“Mgeuzie mgongo. Moto wa Kikatoliki hauulizi mtu alibatizwa wapi.”

Lukas akakohoa. “Efraimu, mama yako ndani anangoja neno. Sema mbele yetu, nasi tutakuwa mashahidi.”

Efraimu akasimama mbele ya boti, si nyuma ya kichuguu. Akainamisha uso kwa heshima ya aliyemo, akaanza. “Ninaahidi kwamba leo hii nitaiandikia ofisi ya Njombe barua ya kuomba ruhusa...”

“Wewe boti,” Tabea akakata, “mwambie barua haipashi mtoto joto.”

“Labda akiichoma,” Odilo alinong’ona.

Efraimu akafuta pua. Hofu ilikuwa bado imemshika. Bila kazi hii angerudi kufyeka majani, na hakuna atakayempigia honi mfyekaji. Dorika aliliona jambo hilo likipita usoni mwake kama kivuli cha wingu shambani, na moyo wake ukaganda, kwa sababu alijua kwamba mtu anaweza kulia alfajiri na kurudi kwenye barua saa tatu.

“Ninaahidi,” alianza tena, “ikiwa ofisi haitakataa, mtoto atazaliwa kwa Odilo penye moto. Kisha baada ya siku nane mama na mtoto watarudi chomboni, ili kanuni...”

“Nahumu aliishi siku tisa,” Dorika alisema.

Hakupaza sauti. Lakini alikuwa hajawahi kulitaja jina lile mbele ya watu tangu mazishi, wala kumkatiza mumewe mbele ya wanaume. Mwanamke mmoja mwenye kapu kichwani alilitua.

“Usiseme ‘ikiwa,’ Baba Ema,” Dorika aliendelea. “Mimi nimejifunza kusoma, nalijua neno hilo. Sema bila hilo, au usiseme kitu, nami nitavuka barabara na mama yangu, na wewe ubaki na kazi yako. Sitakuchukia. Lakini sitapanda ngazi ile tena.”

Efraimu alimtazama mkewe. Labda ilikuwa mara ya kwanza katika miaka miwili kumtazama bila kumhesabu kati ya abiria. Upepo ulikuwa umeongezeka, na Lukas aliweka mkono sikioni.

“Nahumu alikufa kwa baridi,” Efraimu alisema, “nami nilikuwa na koti.”

“Sema kwa nguvu, ndugu. Upepo unachukua.”

Basi akajaza kifua hewa, akasema kwa sauti iliyofika hotelini, na ndani ya chuma, na mpaka juu ya lile lori la mahindi ambako makuli walikuwa wamesimama wameshika kamba:

“Mimi Efraimu, mbele ya Mungu, mbele ya mwalimu Lukas, mbele ya Odilo, na mbele ya mama yetu ambaye simtazami: mtoto huyu atazaliwa kando ya moto, nami nitauwasha kwa mikono yangu leo kabla ya jua kuzama. Mke wangu hatalala tena juu ya chuma, wala Ema, wala mtoto huyu, wala yeyote atakayezaliwa kwetu. Mama yetu akirudi kwake, nami nitalala nao, si chomboni. Na ofisi ikinifukuza, nitafyeka majani.”